Jalala Lililohama na Ardhi Iliyobaki

Aliyeko Kaengesa, juu ya uwanda wa Ufipa, huenda akasema: habari ya jalala ni ya watu wa mjini, sisi tuna mahindi na maharage yetu. Tunamwomba atusikilize kidogo.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa kutupa taka jirani na makazi yao. Moshi, uvundo na nzi viliwaondolea raha. Jiji liliomba liruhusiwe kuendelea kwa muda; Jaji Lugakingira alikataa, akarejea Ibara ya 14 ya Katiba inayolinda uhai. Ulikuwa ushindi mkubwa. Taka, hata hivyo, hazikutoweka. Zilihamia Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, wakashinda. Zikaelekea Vingunguti, kisha Mtoni, hatimaye Pugu Kinyamwezi.

Mafakihi wanayo kanuni, nayo imo hata katika Majalla, mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniya wa karne ya 19, kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Moshi ukitolewa Tabata ukapelekwa Vingunguti, kilichobadilika ni mwenye kikohozi tu. Na Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi, ni mtaa wa watu wa kipato kidogo, wasio na fedha za kuhama wala za wakili. (Tukiri pia kwamba sisi wenyewe hutoa mfuko wa taka mlangoni, tusiulize unakwenda kwa nani.)

Jalala likifungwa, ardhi yake hubaki na yaliyozikwa. Maganda ya ndizi huoza. Risasi iliyomo katika betri haiozi. Mvua huiteremsha mtoni, na mtoto achezaye hapo huila kwa vidole vyenye vumbi. Kiwanja cha namna hiyo huuzwa rahisi, na anayekinunua ni maskini.

Sumbawanga nayo inakua. Siku mji utakapotafuta bonde la kutupia, ndugu yetu wa Kaengesa akumbuke kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini kabla ya mradi kuanza. Ahudhurie, aulize chemchemi ipi iko chini ya bonde hilo, na nani atalima hapo baada ya miaka 20.