Mwimbaji Aliyeingia Katika Sinema

Kijana wa Bugolobi, mjini Kampala, apendaye kuimba na kuigiza pia, huonywa kwamba mshika mawili moja humponyoka. Maurice Kirya hakuponyokwa. Mtindo wake wa muziki aliuita Mwooyo, yaani roho kwa Kiganda, na mwaka 2010 alipata tuzo ya Découvertes ya Radio France Internationale. Basi angeweza kutulia na gita lake. Lakini mwimbaji akiteleza jukwaani, bendi humsitiri. Mbele ya kamera nani atamsitiri? Hata hivyo mwaka 2016 alionekana katika Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair juu ya Phiona Mutesi, binti mcheza sataranji. Kisha akaigiza katika The Girl in the Yellow Jumper ya Loukman Ali, filamu ya kwanza ya Uganda kuonyeshwa na Netflix, mwaka 2021.