Karatasi za Kodi za Baba na Muhula Wangu wa Mlimani

Tangu kipindi cha wiki iliyopita kitoke, wasikilizaji mmetuuliza swali moja kwa namna nyingi: hela ya kwenda kusoma muhula mmoja nje inatoka wapi kama wazazi hawana? Swali hilo nalijua, maana nililiuliza mwenyewe mwaka 2012, nikiwa mwaka wa pili chuoni hapa Texas. Jibu fupi ni kwamba hela zipo. Ila kwa familia nyingi kama zetu, kinachokwamisha kinakuja kabla ya hela. Ni fomu.

Chuo changu kilikuwa na utaratibu wa kupeleka wanafunzi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa muhula mmoja. Nilipoona tangazo ukutani nilisimama pale kama mjinga. Bibi yangu alikuwa Tanga. Mara ya mwisho kumwona nilikuwa na miaka tisa. Lakini miaka miwili nilikuwa nalipa ada kwa mshahara wa kazi ya dukani, na tiketi peke yake ilikuwa zaidi ya dola 1,500. Nikaondoka.

Aliyenirudisha ni mama mmoja wa ofisi ya masomo ya nje. Aliniuliza swali moja tu: "Unapata Pell?" Nikamwambia sijui. Akashangaa. "Hujajaza FAFSA?"

Siri ya nyumba

Kwa wasiojua: FAFSA ndiyo fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa fedha za chuo. Kama una chini ya miaka 24, hujaoa wala kuolewa, na huna mtoto unayemlea, kwa kawaida inataka pia habari za mapato ya wazazi, hata kama unajilipia kila kitu. Wenye kipato cha chini wanapata ruzuku ya Pell, hela ambayo hairudishwi. Na Pell ndiyo mlango wa skolashipu ya Gilman, inayotolewa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani tangu 2001 kwa ajili ya wanafunzi ambao bila msaada wasingeweza kusoma nje. Kiwango chake kinafika dola 5,000.

Nyumbani kwetu fomu ile haikuwahi kujazwa. Baba alikuwa mhasibu Tanga. Hapa Houston anabeba boksi zamu ya usiku, na mama anaangalia wazee. Tanga wanajua baba "yuko ofisini". Nilipomwomba karatasi za kodi alikunja gazeti taratibu.

"Mwanangu, mambo ya mfukoni mwangu hayaandikwi kwenye kompyuta ya watu."

Nikamwambia ni siri, hakuna atakayeona.

"Wewe utaona," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Haikuwa serikali aliyokuwa anaiogopa. Hakutaka mimi, mtoto wake, nione tarakimu ile. Tulikaa siku nne bila kusemeshana vizuri. Siku ya tano mama, aliyekuwa hajasema kitu, aliweka bahasha mezani mbele ya baba na kusema, "Mficha uchi hazai." Akaenda zake kazini. Baba akaifungua bahasha mwenyewe, akanisomea namba moja moja, nami nikaandika. Sikuinua macho, maana niliona aibu kwa niaba yake.

Nataka kulisema hili wazi kwa vijana wanaotusikiliza: ukimwomba mzazi karatasi hizo, usidhani unaomba karatasi tu. Mpe muda. Mweleze kila hela inakwenda wapi. Siku hizi fomu imebadilika, mzazi anafungua akaunti yake, anatoa idhini, na habari za kodi zinavutwa moja kwa moja kutoka mamlaka ya kodi. Yaani huenda usilazimike hata kuziona.

Lugha niliyokuwa naificha

Pell ikaja, na kuanzia muhula uliofuata nikapunguza saa za dukani. Nikaanza kuomba Gilman. Nikasoma masharti hadi mwisho na kukuta kuna nyongeza, hadi dola 3,000, kwa anayekwenda kusoma lugha ambazo serikali inaona zinahitajika. Orodha nikaisoma mara mbili. Kiarabu, Kichina, Kirusi. Na Kiswahili.

Mimi, ambaye shuleni nilikuwa namwomba mama asiongee Kiswahili kwa sauti mbele ya rafiki zangu.

Insha yangu ya kwanza ilikuwa mbaya. Niliandika kama mgeni anayeipenda Afrika kwa mbali, machweo na ukarimu wa watu. Yule mama wa ofisi aliisoma akanirudishia: "Hii angeweza kuiandika yeyote. Wewe uko wapi humu?"

Nikaandika upya. Nikasema Kiswahili changu ni cha jikoni. Najua kumwambia bibi nimeshiba, nimechoka, nimemkumbuka. Lakini nasomea afya ya jamii, na siwezi kumweleza bibi ninasomea nini, wala kumsomea karatasi ya hospitali. Nataka kwenda kuisoma lugha hii darasani, maana hapa Houston kuna wazee wanaotibiwa huku wajukuu wao wakitafsiri nusu nusu kama mimi.

Nilipata dola 7,500 kwa jumla. Barua pepe niliifungulia stoo ya dukani, nikakaa juu ya katoni.

Tanga

Februari 2013 nilikuwa Mlimani, nasoma fasihi ya Kiswahili na wenzangu wakinicheka matamshi. Wikiendi ya pili nikapanda basi Ubungo.

Bibi aliniuliza nani amenilipia. Nilikuwa nimeandaa uongo njiani, ili kumlinda baba. Ukanishinda. Nikamwambia ni serikali, kwa sababu kipato cha nyumbani ni kidogo.

Hakushtuka. "Najua," akasema. "Mwenye hela hatumi elfu thelathini kwa awamu mbili." Kisha akaniambia nile.

Sikumwambia baba maneno hayo hadi niliporudi. Alinyamaza kitambo, halafu akauliza kama bibi bado anavaa miwani ile ya zamani.

Unayeanza sasa

Anza mwaka mmoja kabla. Jaza FAFSA mapema, halafu nenda ofisi ya masomo ya nje ya chuo chako kabla hujaanza kuzurura mtandaoni. Gilman huwa na tarehe mbili za mwisho kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi. Ukipenda lugha zaidi, kuna Boren, inayofika dola 25,000, lakini soma masharti: baadaye unatakiwa kuifanyia kazi serikali kuu kwa angalau mwaka mmoja. Kuna pia Critical Language Scholarship, programu ya kiangazi inayolipia safari, masomo, chakula na malazi.

Zote tatu zinataka uraia wa Marekani. Kama una grinikadi usikate tamaa. Pell unaweza kupata, na ruzuku na mikopo ya serikali inaweza kukufuata nje, mradi chuo chako kimekubali kwamba masomo hayo yatahesabiwa kwenye shahada yako. Ulizeni hilo kwanza. Wengi hawaulizi.

Gilman inakutaka ukirudi ufanye mradi wa kuwasaidia wengine. Mimi nilifanya jioni moja ya kujaza FAFSA kwa Kiswahili, kwenye ukumbi wa jumuiya yetu. Wazazi walikuja na karatasi zao kwenye mifuko ya plastiki, wakazishikilia mapajani. Hakuna aliyetaka kuanza.

Baba, ambaye nilimleta abebe viti tu, akavuta kiti mbele, akakaa, akasema kiasi anachopata kwa mwaka. Kwa sauti, mbele ya watu wote. Halafu akageuka: "Haya, nani anafuata?"