Skrini Nyeusi: Kabla Hujanunua Kadi Nyingine

Familia nyingi zetu huku ughaibuni zimegundua kwamba kompyuta ya kuunda nyumbani ni nafuu. Unanunua kasha kwa mtu mmoja, ubao mama na prosesa kwa mwingine, unatia kadi ya grafiksi ya mkono wa pili, na mtoto anapata mashine ya kazi za chuo kwa bei ambayo laptop mpya haiigusi. Shida huja siku ya kuiwasha: feni zinazunguka, taa zinawaka, na skrini ni nyeusi tii.

Hapo ndipo pesa hupotea. Mwanafunzi anasema kadi imekufa, mzazi anaamini, na nyingine inaagizwa usiku huohuo. Mtoto wa dada yangu, anayesomea usanifu wa majengo hapa Uingereza, alinipigia simu wakati wa baridi: "Mama mdogo, kadi imeungua." Alibakiwa na siku tatu akabidhi michoro yake, na mama yake alishaanza kuzipigia hesabu pesa za dawa za presha za bibi kule Tanga ili anunue kadi nyingine.

Kazi yangu ni unesi. Wodini, mashine ya moyo ikionyesha mstari mnyoofu, hatukimbilii kutangaza kifo. Tunamtazama mgonjwa kwanza, kisha nyaya zilizobandikwa kifuani, maana huenda ni waya tu uliobanduka. Kompyuta nayo naipima hivyohivyo.

Kwanza, je, yenyewe iko hai? Feni kuzunguka si ushahidi. Huzunguka hata prosesa ikiwa haifanyi kazi. Subiri dakika mbili, kisha bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kompyuta inafanya kazi, kinachokosekana ni picha. Isipojibu, chomoa RAM uzirudishe moja moja, na hakikisha waya wa umeme wa prosesa, ule unaoingia juu pembeni mwa ubao mama, umechomekwa. Wanaobomoa na kuunda upya huusahau sana huo. Mbao nyingi za sasa zina vitaa vidogo vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kinachobaki kimewaka ndicho kinachokuonyesha pa kutazama. VGA ni upande wa picha.

Kisha fuata waya wa monita. Nyuma ya kompyuta kuna matundu ya HDMI ya ubao mama, karibu na yale ya USB, na ya kadi, chini zaidi. Waya uwe kwenye kadi. Angalia pia kama monita yenyewe haisubiri DisplayPort wakati wewe umechomeka HDMI.

Kijana wetu alikuwa ametoa kadi kabisa, akachomeka waya kwenye ubao mama, asione kitu, akaamua kwamba hata ubao umekufa. Nikamwuliza prosesa ni ipi. Ilikuwa Intel yenye herufi F mwishoni mwa jina. Hizo hazina grafiksi ndani yake, kwa hiyo tundu la ubao mama haliwezi kutoa picha hata ungengoja mpaka kesho. Ryzen nyingi za mezani za kabla ya kizazi cha 7000 ni hivyohivyo, isipokuwa zenye herufi G. Kipimo chake hakikuwa kimepima chochote.

Upande wa umeme, sloti ya kadi hutoa wati 75 tu. Kadi kubwa huhitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai: wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 wati 150. Waya wa pini 8 wa prosesa unafanana na huo lakini ni mwingine, usiulazimishe. Na zile adapta za kugeuza waya wa SATA kulisha kadi mimi sizitaki nyumbani kwangu. Waya ule haukutengenezwa kwa mzigo huo, na plastiki yake huweza kuyeyuka.

Tulimalizia kwa simu ya video. Alizima swichi ukutani, akachomoa waya, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iishe, kisha akagusa chuma cha kasha, maana mazulia na hewa kavu ya hita za huku hujaza mwili umeme tuli. Alipomulika tochi tukaliona. Bamba la chuma la kadi lilikuwa limekwama kwenye ukingo wa kasha, na upande wa pili wa kadi umeinuka milimita chache. Skrubu imekazwa, ukitazama juu juu unaona imekaa vizuri. Akalegeza, akaikandamiza mpaka komeo dogo la sloti likalia "ta". Picha ikaja.

Kama kwako hayo yote yako sawa, chomoa umeme na utoe betri ya mviringo, CR2032, kwa dakika chache ili mipangilio ya BIOS irudi ya kiwandani. Nembo ikionekana mwanzoni kisha picha ikapotea Windows inapoingia, shughulikia draiva kwanza. Baada ya hapo ndipo kadi ijaribiwe kwenye kompyuta ya rafiki. Isipotoa picha huko nako, irudishe kabla muda aliotoa muuzaji haujaisha. Pawa saplai usiifungue kamwe. Hubaki na umeme ndani hata ikiwa imechomolewa.