RANGI YA NYUMBA NA VYOMBO VYAKE: SHAURI KWA WENYE NYUMBA WA KITALE NA BUNGOMA

Mwezi wa Desemba ni mwezi wa mikebe. Mahindi ya Trans-Nzoia yamekwisha vunwa, mengine yamekwisha uzwa, watoto wanaofanya kazi mijini wako njiani kuja nyumbani kwa Krismasi, na katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kitale na Bungoma wateja husimama mbele ya kadi za rangi wakibishana. Bwana ataka buluu aliyoiona kwa jirani. Bibi ataka rangi ya maziwa. Mwishowe mkebe hununuliwa, fundi huitwa, na kwa siku chache nyumba hunukia upya. Kisha mvua za Aprili huanza. Ifikapo Juni, rangi iliyogharimu fedha za magunia kadhaa huwa imefanya malengelenge chini ya dirisha, nayo hubanduka vipande vipande kama ganda la mkaratusi.

Hapo mwenye duka hulaumiwa kwamba aliuza rangi mbovu, au fundi kwamba aliizidisha maji. Pengine ni kweli. Lakini aghalabu kosa ni la ukuta, ambao ulikuwa na maji ndani yake kabla haujapakwa. Kwa hiyo mtu atakaye kuipamba nyumba yake yafaa aanze kwa kuukagua ukuta, na kadi za rangi azitazame baadaye.

Ifahamike kwamba rangi haiwezi kuzuia maji yaliyomo ndani ya ukuta. Huyafunika tu, na jua likipiga, maji hayo hutaka kutoka, nayo huisukuma rangi mbele yake. Maji huingia ukutani kutoka juu, mahali ambapo paa halina mfereji au mfereji wake umetoboka. Tena hupanda kutoka ardhini, ikiwa mjenzi hakuweka karatasi ya lami au nailoni ngumu juu ya msingi kabla ya kupanga matofali. Na katika nyumba mpya yako maji ya saruji yenyewe. Plasta ya saruji hutaka majuma manne, au zaidi wakati wa mvua, ndipo ikauke vya kutosha kupakwa rangi ya mafuta. Mafundi wengi wanalijua jambo hili, lakini mwenye nyumba akiwa na haraka, fundi hufanya kama alivyoambiwa.

Iko njia rahisi ya kuujua ukuta. Chukua kipande cha nailoni nyeupe inayopenyeza nuru, upana wa futi moja kila upande, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne pasibaki nafasi, ukiache mchana na usiku. Ukikuta matone ya maji upande wa ndani wa nailoni, yaani upande uliogusa ukuta, basi ukuta huo haujawa tayari, hata kama mkono hausikii ubaridi wowote. Fedha za mkebe wa kwanza zingefaa zaidi kununua mfereji wa paa.

Majira nayo yana neno lake. Kitale hupata mvua tangu Machi au Aprili hadi Oktoba, na mara nyingine Novemba. Miezi mikavu ni Desemba, Januari na Februari. Bungoma nako miezi mikavu ni hiyo hiyo. Kwa bahati njema ndiyo miezi ambayo fedha za mavuno zimo mkononi. Lakini ukuta ulioloweshwa na mvua za Oktoba haukauki kwa siku tatu za Desemba, na apakaye mwisho wa Januari hupata kazi idumuyo kuliko apakaye juma moja kabla ya wageni kufika. Wageni wa Krismasi wanaweza kukaribishwa kwa ukuta uliofutwa vizuri na mapazia yaliyofuliwa.

Nyumba za udongo zataka maarifa yake, nazo zingali nyingi katika vijiji vya Bungoma. Kuta hizo hupumua: hunyonya unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua. Mtu akizipaka rangi ya mafuta ing'aayo, ni kama kumvika mtu koti la mpira katika joto; baada ya mwaka mmoja rangi hutoka pamoja na ngozi ya udongo. Kinachozifaa ni chokaa, ambayo huuacha ukuta upumue na bei yake ni ndogo. Unga wa chokaa hukorogwa na maji mpaka uwe kama maziwa mazito, hulazwa usiku kucha, na wengine hutia konzi ya chumvi ili ishike. Ukuta hulowanishwa kidogo, chokaa hupakwa nyembamba, huachwa ikauke, kisha hupakwa tena mara ya pili na ya tatu. Ikiwa mbichi huonekana kama maji matupu, na wengi hukata tamaa hapo na kuipaka nene. Ikikauka hugeuka nyeupe kabisa. Ile iliyopakwa nene hupasuka. Apakaye na ayalinde macho yake, kwa maana chokaa huunguza.

Wala mtu asidhani kwamba kupamba ukuta wa udongo ni jambo la leo. Akina mama wa Kibukusu, kama wenzao katika sehemu nyingine za Uluhya, wamepaka kuta kwa udongo wa rangi mbalimbali na samadi ya ng'ombe tangu zamani, nao walijua ni bonde gani lenye udongo mweupe na ni kichuguu gani chenye udongo mwekundu ushikao. Kazi hiyo hufanywa hasa kabla ya sherehe kubwa, kama ile ya tohara ya Wabukusu, ambayo hufanyika mwezi wa Agosti kila mwaka wa pili, katika miaka isiyo witiri. Atakaye kuona ujenzi wa zamani aweza kwenda katika makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na kazi ya Kanali Stoneham aliyeianza mwaka 1926, na ambayo tangu 1974 yamo mikononi mwa makumbusho ya taifa. Nje ya jengo zimejengwa nyumba za kienyeji za makabila ya magharibi. Mtu akizitazama ataona kwamba rangi za ukutani ni zile zile za ardhi iliyozunguka nyumba, na kwa sababu hiyo hazionyeshi vumbi upesi.

Sasa yafaa kusema juu ya uchaguzi wenyewe. Vitabu vingi vya kupamba nyumba viliandikwa Ulaya au Marekani, navyo husema chumba kitazamacho kaskazini ni baridi na chenye giza, na kitazamacho kusini kina jua. Maneno hayo ni sawa kwa London. Hapa hayana kazi. Kitale na Bungoma ziko karibu sana na ikweta, kiasi cha digrii moja au pungufu upande wa kaskazini. Jua hupita karibu juu ya paa mwaka mzima, nusu ya mwaka likielekea kaskazini kidogo, na nusu nyingine kusini kidogo. Kuta zinazopigwa hasa na jua ni ya mashariki na ya magharibi. Basi mwenye nyumba asiulize chumba kiko kaskazini au kusini, aulize chapata jua la asubuhi au la alasiri.

Jua la asubuhi ni la upole, na wakati wa mvua ndilo jua la pekee linalotumainiwa, maana mawingu hukusanyika baada ya adhuhuri. Chumba cha mashariki huweza kuchukua karibu rangi yoyote. Jua la alasiri ni kali, lina wekundu, nalo hukifanya chumba cha magharibi kuwa kama tanuri kabla ya jioni. Humo rangi nyekundu au ya chungwa huchosha macho. Nyeupe, kijani hafifu au samawati iliyofifia huleta utulivu. Chumba kisichopata jua upande wowote chataka rangi ya maziwa au manjano hafifu. Rangi nyeupe hurudisha kama sehemu nane kati ya kumi za nuru inayoifikia, na rangi ya damu ya mzee hurudisha chini ya sehemu mbili. Kwa mtoto asomaye kwa taa moja ya sola, ukuta mweupe nyuma ya meza ni kama kupewa taa ya pili. Ndiyo sababu dari, iwapo nyumba ina dari, ipakwe nyeupe bila mashauri mengi.

Miji hii miwili haifanani. Kitale iko mita kama 1,900 juu ya bahari, na Bungoma mita kama 1,400. Tofauti hiyo yatosha kupunguza joto kwa digrii tatu hivi, na mtu aliyelala Kitale mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa. Rangi haiwezi kupasha chumba moto, lakini macho hudanganyika: sebule ya Kitale iliyopakwa buluu huonekana baridi hata moto ukiwaka, na rangi ya asali au ya udongo huifanya ya kukaribisha. Huko Bungoma, mabati yakiwa yamepata moto saa nane mchana, buluu ile ile huwa faraja. Kwa hiyo anayehama kutoka mji mmoja kwenda mwingine asiichukue rangi yake pamoja na vitanda.

Kwa upande wa nje, udongo mwekundu ndio unaotoa amri. Mvua ianguka kutoka ukingoni mwa paa, hupiga ardhi, na matope huruka hadi magotini au zaidi. Ukuta mweupe mpaka chini huwa mchafu kwa mvua moja. Wazee waliopaka futi tatu za chini kwa rangi ya hudhurungi au damu ya mzee hawakukosa akili, na shule nyingi bado hufanya hivyo. Mstari wa namna hiyo wafaa hata ndani, kwenye ukumbi na jikoni, ambako mikono ya watoto hufika. Huko chini ipakwe rangi ya mafuta ioshekayo, na juu rangi ya maji. Ama kuhusu maduka ya barabara ya Kitale kwenda Webuye, yaliyopakwa tangu chini hadi juu rangi za makampuni ya simu na ya vinywaji, hayo ni matangazo. Macho huyavumilia kwa sababu gari linapita. Kukaa ndani ya tangazo mwaka mzima ni jambo jingine.

Liko jambo moja zito zaidi kuliko uzuri, nalo ni madini ya risasi. Zamani rangi nyingi za mafuta zilitiwa madini hayo ili zikauke upesi na kung'aa. Yakiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo wake, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chochote cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama. Kanuni za Kenya sasa haziruhusu zaidi ya sehemu 90 kwa milioni katika rangi. Basi mnunuzi atafute mkebe wenye jina la mtengenezaji na alama ya ubora, aikatae rangi iliyomiminwa katika chupa isiyo na maandishi. Hatari iko hasa katika nyumba kuukuu. Kandokando ya Kitale zimo nyumba zilizojengwa na masetla, ambazo baada ya uhuru zilipita mikononi mwa wakulima wengine, na milango na madirisha yake huenda yana rangi ya zamani chini ya rangi mpya. Milango hiyo isisuguliwe kwa msasa mkavu wala rangi isichomwe kwa moto. Iloweshwe kwanza, watoto na mama wajawazito wakae mbali, na takataka zote zikusanywe, zisiachwe uani ambako kuku na watoto hucheza. Kadhalika desturi ya kuponda betri kuukuu ili kupata weusi wa kupaka chini ya ukuta yafaa iachwe; masizi na makaa yaliyosagwa hutoa weusi ule ule bila sumu ya betri.

Baada ya ukuta huja vyombo. Watu wengi hupaka kwanza, kisha hutafuta mapazia na makochi ya kupatana na rangi, nao hutembea soko zima bila kuyapata. Afadhali kugeuza utaratibu. Rangi huweza kuchanganywa dukani ipatikane ya namna yoyote, bali kitambaa huchaguliwa katika vile vilivyopo. Basi chukua kipande cha pazia na mto mmoja wa kochi uende navyo dukani, na huko uvitazame nje penye jua, si chini ya taa.

Makochi ya mahameli mazito yamependwa sana, lakini katika sebule ndogo hula nafasi na kushika vumbi. Viti vya mbao vyenye mito ya kutoa na kufua vyafaa zaidi kwa nyumba yenye watoto. Vitambaa vya kufuma kwa mkono, ambavyo vijana wa mjini huvicheka, vina kazi yake: hupokea mafuta ya vichwa na jasho la mikono, na kitambaa hufuliwa ambapo kochi halifuliki. Mbao za saipras hupatikana kwa wingi, nazo hufanya meza na kabati nzuri, mradi zimekauka. Mbao mbichi iliyopigwa randa leo huonekana nyoofu; baada ya miezi miwili mlango wa kabati haufungi. Njia ya kuipima ni kuinua vipande viwili vyenye ukubwa mmoja: kilicho kizito kupita kiasi bado kina maji. Miguu ya kabati isiguse ukuta wala sakafu ya udongo, kwa sababu ya mchwa.

Mwisho ni hesabu. Chumba cha futi 10 kwa 12, chenye kuta za urefu wa futi 8, kina futi za mraba 352. Toa mlango na dirisha, zitabaki kama 310, yaani mita za mraba 29. Lita moja ya rangi ya maji hupaka kama mita 10 kwa mkono mmoja, na mikono miwili ndiyo ifaayo. Basi zatakiwa lita sita, na mikebe miwili ya lita nne itatosha na kubakiza kidogo. Ni vema kununua mkebe mdogo kwanza, kupaka kipande cha futi mbili kwa mbili kwenye kuta mbili tofauti, na kukitazama asubuhi, adhuhuri na usiku kabla ya kulipia mingine. Rangi inayobaki ifunikwe sawasawa, na juu ya kifuniko liandikwe jina la rangi, namba yake na chumba ilikopakwa, maana alama ya mkono wa mtoto karibu na mlango itahitaji kufutwa kabla ya mwaka kwisha.