Homa Hupitia Dukani Kwanza

Mtoto akichemka mwili usiku huko Ganze au Magarini, kaunti ya Kilifi, Kenya, mara nyingi mzazi hubisha kwanza kwa mwenye duka, yule auzaye dawa ya homa rafu moja na sabuni na viberiti. Zahanati iko mbali na nauli ya bodaboda haipo. Kumlaumu mzazi huyo ni rahisi. Watafiti wa Kilifi waliona afadhali wamfundishe mwenye duka.

Kituo chao cha utafiti, KEMRI-Wellcome Trust, kilianza kazi mwaka 1989 katika hospitali ya Kilifi. Miaka ya 1990, klorokwini ikiwa bado ndiyo dawa ya malaria, wauzaji wa vijijini walifunzwa ipi ni dawa ya malaria na ipi hutuliza maumivu tu, vidonge vingapi kwa umri upi, na lini wamwambie mzazi akimbie hospitali. Kabla ya hapo, kati ya homa 100 za watoto zilizotibiwa kwa dawa za dukani, hazikufika 4 zilizopata klorokwini ya kutosha. Baada ya mafunzo zilizidi 65. Matokeo hayo yalichapishwa 1999, na kwa bahati mbaya vimelea vya malaria vilikuwa vimekwisha kuizoea klorokwini yenyewe.

Lini sasa ni hatari? Jibu nalo lilitoka hospitali hiyohiyo ya Kilifi. Mwaka 1995 watafiti walitangaza matokeo ya watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria: kati ya waliofariki, zaidi ya 8 katika kila 10 walifika wakiwa wamepungukiwa na fahamu au wanahema kwa shida. Kuhema huko si lazima kutokane na mapafu. Damu ikijaa asidi, mwili hulazimika kuvuta pumzi nzito. Degedege nayo, ambayo wengi upwani huihusisha na nyuni, yaani pepo wa ndege, humpeleka mtoto kwa mganga wakati kila saa ina thamani.

Kinga haikusahauliwa. Majaribio ya vyandarua vyenye dawa, yaliyotangazwa 1996, yalipunguza vifo vya watoto Kilifi kwa takriban theluthi moja. Kufikia 2007 waliolazwa kwa malaria walikuwa kama 3 kwa kila watoto 1,000, kutoka 18 mwaka 2003.

Nafuu hiyo imeleta fumbo jipya, maana homa haikwisha pamoja na malaria. Ndiyo sababu kipimo cha damu, tone moja tu la kidoleni, hutangulia dawa siku hizi. Kikionyesha hakuna malaria, huenda ni nimonia, na hapo saa ya simu yatosha kumsaidia mzazi: mtoto akiwa ametulia, pumzi zake zihesabiwe dakika nzima. Zikiwa 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea kwa ndani kila avutapo pumzi, hospitali moja kwa moja.