Kodi ya Mapato na Nyumba ya Mtu wa Mshahara

Wasikilizaji wetu, kodi ni neno lisilopendwa na watu, na mazungumzo juu yake huanza kwa hasira kabla ya hesabu. Leo twapenda kuanza kwa hesabu. Twazungumza habari za Kenya, jinsi makato ya mishahara yalivyoongezwa tangu mwaka 2023 hata 2025, na jinsi yalivyoingia katika nyumba za watu wa hali ya kati, yaani walimu, makarani, wauguzi na wenzao, wasio maskini wala matajiri. Nawe uliye kijijini usidhani kwamba habari hii haikuhusu. Fedha zinazokatwa mjini mara nyingi ni zile ambazo zingalikuja kwako mwisho wa mwezi.

Kwanza tueleze maana. Mwanzoni mwa karne ya ishirini serikali ya kikoloni iliwatoza Waafrika kodi ya kibanda. Kodi ile ilihesabu nyumba, haikuhesabu mfuko. Mwenye ng'ombe wengi na mwenye kuku wawili walilipa sawasawa kwa kila kibanda. Kodi ya mapato, ambayo imetozwa Kenya tangu mwaka 1937, ina msingi mwingine: kila mtu alipe kwa kadiri ya nguvu zake. Ndiyo sababu ina ngazi. Kwa sheria iliyoanza Januari 2021, shilingi 24,000 za kwanza za mshahara wa mwezi zilitozwa 10 kwa mia, shilingi 8,333 zilizofuata 25 kwa mia, na zilizozidi hapo 30 kwa mia. Kisha kila mlipaji alisamehewa shilingi 2,400 kwa mwezi, hata aliyepata 24,000 asilipe kitu. Mwezi wa Julai 2023 ziliongezwa ngazi mbili juu: 32.5 kwa mia kwa mapato yapitayo 500,000 kwa mwezi, na 35 kwa mia kwa yale yapitayo 800,000.

Hapo mtu atauliza: ikiwa ngazi mpya ni za matajiri, mbona mwalimu naye alilalamika? Jawabu limo katika hati ya mshahara. Na tumfikirie mtu apataye shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwaka 2022 alikatwa kodi ya mapato kadiri ya 10,130, bima ya afya 1,300, na akiba ya uzeeni 200 tu. Akapeleka nyumbani kadiri ya 48,370. Mwezi wa Machi 2025, kwa mshahara ule ule, akiba ya uzeeni ilikuwa 3,600, bima mpya ya afya 1,650, na tozo ya nyumba za bei nafuu 900. Kwa kuwa tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo matatu yalitolewa kwanza kabla ya kuhesabu kodi, kodi yake ya mapato ilishuka ikawa kadiri ya 8,540. Hata hivyo alipeleka nyumbani 45,310 tu, yaani pungufu ya shilingi 3,000 na zaidi.

Tazameni jambo hili vizuri. Kodi yenyewe ilishuka, na mfuko ukapungua. Ukijumlisha kodi, bima na tozo ya nyumba, utaona 11,430 mwaka 2022, na 11,090 mwaka 2025. Kilichoongezeka ni akiba ya uzeeni, na akiba hiyo ni mali yake, tena mwajiri hutakiwa kumwekea kiasi kama hicho. Basi asemaye kwamba amenyang'anywa zote hasemi kweli. Wala asemaye kwamba hakupungukiwa na kitu hasemi kweli, maana karo ya muhula huu hailipwi kwa fedha za uzeeni.

Jambo la pili limejificha zaidi. Tangu 2021 hata 2025 ngazi zile za chini hazikusogezwa, na bei za vitu zilipanda. Julai 2023 ushuru wa petroli uliongezwa toka 8 kwa mia mpaka 16, na nauli ya gari humgusa kila mtu. Karani akiongezwa mshahara toka 50,000 mpaka 60,000 ili aifuate bei ya unga, zaidi ya robo ya nyongeza ile huchukuliwa na kodi ya mapato, ingawa hawezi kununua zaidi ya alivyonunua kwanza. Hivyo kodi huweza kupanda bila Bunge kubadili hata tarakimu moja.

Sasa tusikilize pande mbili. Wanaotetea makato husema: nchi ina madeni, shule na hospitali za kulisha, na shilingi 200 kwa mwezi haziwezi kumlisha mzee yeyote. Hoja hiyo ina nguvu. Wanaopinga hujibu: mtu wa mshahara ni mwepesi wa kukamatwa, kwa kuwa hukatwa kabla hajaiona fedha yake, na wako wengi ambao mapato yao hayaandikwi popote. Tena mshahara si wa mtu mmoja. Hunywesha wazazi, ndugu walio shuleni, yaya wa nyumbani, fundi na mwenye duka. Ukipungua, wa kwanza kuona kiu ni wale walio mbali na kisima. Hoja hiyo nayo ina nguvu. Mwezi wa Juni 2024 ubishi juu ya mswada wa fedha, uliokuwa na kodi za namna nyingi, ulitoka katika magazeti ukaingia barabarani. Watu wakafa, na tarehe 26 Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi.

Shauri letu ni hili. Kabla ya kubishana, kila kato liulizwe: je, wewe ni kodi iliyokwenda kwa serikali, ni mchango wa wengi kwa ajili ya mgonjwa, au ni akiba itakayorudi? Kisha liulizwe swali lililo kubwa kuliko hayo: hesabu yako i wapi? Mtu huvumilia kupungukiwa leo akiona dawa hospitalini na akiba yake salama. Asipoona, hata shilingi moja ni nyingi. Nanyi wanafunzi, waombeni wazazi ruhusa, mwitazame hati moja ya mshahara na kuifanya hesabu hii wenyewe. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo ni la mwenye nyumba, na ni la serikali pia.