Je, Wajua? Vitu Vinavyojaribiwa Kabla Havijazaliwa

Wiki hii tunapanda Timboroa kwenye baridi kumtazama msanifu wa mokapu na prototaipu, yule anayelipwa kuunda kitu cha kujaribia kabla ya kile cha kuuzwa. Beba sweta.

Je, wajua kwamba reli ya Nakuru kwenda Eldoret, iliyofika Eldoret mwaka 1924, hupita Timboroa kwenye kimo cha mita 2,780 hivi, na kwa miaka mingi ilitajwa kuwa reli ya juu kuliko zote katika nchi za Jumuiya ya Madola? Sasa igeuze chaja ya simu yako usome yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Nyingi zilizotoka China zina alama ya mlima na maneno 2000m. Maana yake, aliyeisanifu alimkadiria mtumiaji anayeishi chini ya mita 2,000. Hewa ya milimani ni nyepesi na huzuia umeme vibaya kuliko hewa ya Mombasa, hivyo cheche huweza kuruka penye mwanya ambao pwani isingeuvuka. Ndiyo sababu viwango vya kimataifa humtaka msanifu apanue mwanya kati ya sehemu zenye umeme: kwa mita 3,000 auzidishe mara 1.14. Usiitupe chaja yako, watu wa Timboroa wanachaji simu kila siku. Ila anayeunda kifaa cha umeme huku juu anakijaribia mahali ambapo wengi wa wenzake viwandani hawakupafikiria.

Je, wajua kwamba maji ya Timboroa huchemka kwenye nyuzijoto kama 91? Mpishi wa maharagwe anajua, hata kama hana kipimajoto. Wanaopima majiko mapya wanajua pia: kabla ya kuchemsha sufuria ya majaribio, utaratibu unawataka kwanza watafute maji huchemka kwenye nyuzi ngapi mahali walipo. Ukingoja yafike 100 huku, makaa yataisha na hayatafika.

Na tukiwa bado jikoni: jiko la kauri tunalodhani ni la kwetu tangu enzi na enzi liliingia sokoni Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wazo lake lilitoka Thailand, kwenye jiko la umbo la ndoo. Halikuigwa lilivyo. Litazame vizuri: kiuno chembamba, kitako kipana, kauri sehemu ya juu tu, makaa yanapokaa. Kitako hicho kina kazi. Jaribu kusonga ugali wa watu sita juu ya kitu chenye umbo la ndoo uone kama hakitayumba. Aliyechora anajua moto; anayesonga ndiye anayejua jiko.

Je, wajua kwamba M-Pesa ilijaribiwa kwa watu wasiofika 500, na kwa kazi ambayo leo karibu hakuna anayeikumbuka? Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, yakiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone pamoja na Safaricom na shirika la mikopo midogo la Faulu. Lengo lilikuwa mkopaji alipe mkopo wake kwa simu, basi. Watu wakapewa simu, wakafundishwa, wakaachiwa. Kisha waundaji wakaanza kuona mambo. Mfanyabiashara anaweka mauzo yake kwenye simu jioni kwa sababu benki imeshafunga, anayatoa asubuhi. Msafiri anaweka pesa mji mmoja anatoa mji mwingine, mfuko ukiwa mtupu njia nzima. Mtu anamlipia mwenzake mkopo kwa sababu kuna kazi aliyofanyiwa. Wengine wananunua muda wa maongezi na kuutuma kwa jamaa mashambani, uwe kama pesa. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando na tangazo lilihusu kutuma pesa nyumbani. Hakuna mkutano wa ofisini ambao ungeyagundua hayo. Mimi ningeajiri msanifu anayeshinda kwa wakala kabla ya yule mwenye skrini tatu.

Je, wajua kwamba ujumbe mmoja wa menyu ya simu kama ile ya M-Pesa, *334#, haupiti herufi 182, pamoja na nafasi tupu? Mokapu ya huduma ya namna hiyo haihitaji kompyuta. Chukua daftari la hesabu lenye miraba, chora kisanduku cha miraba 14 kwa 13, weka herufi moja kwa kila mraba. Hesabu inatoka 182 kamili. Ukijaza kisanduku kabla hujafika kwenye "0. Rudi nyuma", mteja wako amepotea njia, na kifutio ni cha bei nafuu kuliko mwandika programu.

Tokeni ya umeme ina tarakimu 20. Iandike kwa mfululizo bila kuikata nne nne, mpe mtu aiingize kwenye mita gizani, kisha kaa mbali naye.

Je, wajua kwamba Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya kasoro za matumizi? Wataalamu wamebishana naye tangu hapo. Wote wanakubali kwamba 5 ni wengi kuliko 0, na shemeji yako hahesabiwi.

Je, wajua kwamba watafiti wa IBM waliwahi kujaribu mashine ya kuandika inayosikiliza sauti kabla haijakuwapo? Aliyekuwa akijaribu alisema barua yake kwenye kipaza sauti, maneno yakatokea kwenye skrini, na chumba cha pili alikuwako mpiga chapa hodari mwenye vidole vyepesi. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1983. Mashine yenyewe ilichelewa miaka mingi, lakini walikuwa wameshajua watu wangezungumza nayo vipi.

Jeff Hawkins, kabla ya kuunda Pilot, kompyuta ya mfukoni ya mwaka 1996, alitembea na kipande cha mti mfukoni. Akiulizwa kama ana nafasi siku fulani, alikitoa na kujifanya anaandika.

Je, wajua kwamba Kenya iliwahi kuunda gari lake? Rais Daniel arap Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kazi hiyo mwaka 1986. Nyayo Pioneer zikatoka prototaipu tano na kufikia kilomita 120 kwa saa. Pesa za kiwanda hazikupatikana. Prototaipu hujibu kama kitu kinawezekana. Nani atakilipia ni swali la meza nyingine.

Tushuke sasa Kaptagat, ambako Eliud Kipchoge hufanyia mazoezi. Je, wajua kwamba washindi wote watatu wa medali za marathoni ya wanaume Rio 2016, yeye akiwa na dhahabu, walikimbia na prototaipu za kiatu cha Nike ambacho kiliingia madukani mwaka uliofuata? Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alipomaliza umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40, alivaa prototaipu nyingine. Januari 2020 shirika la World Athletics likaweka mipaka: soli isizidi milimita 40, bamba gumu ndani liwe moja, na kiatu kiwe kimeuzwa hadharani miezi minne kabla ya mashindano. Baadaye mwaka huohuo mlango ukafunguliwa kidogo, viatu vya majaribio vikaruhusiwa kwa muda maalumu baada ya kuidhinishwa. Kwa mlango huo marehemu Kelvin Kiptum alivunja rekodi ya dunia Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2:00:35, miguuni akiwa na kiatu kilichoandikishwa kwa jina la Dev 163, ambacho kilikuja kuuzwa kama Alphafly 3. Mashindano ya Dunia na Olimpiki hayakuguswa na ruhusa hiyo. Kwa kanuni hizo, vile vya Rio visingevuka hata mstari wa kuanzia.